Giaboksi Iliyojengwa Ndani ya Kabati la Mandazi

Mafundi wa Eldoret wana kauli moja kuhusu giaboksi ya otomatiki: haijengwi, inabadilishwa. Ikifa unaitoa, unaitupa kwenye nyasi nyuma ya gereji, unatafuta nyingine iliyotumika Japani, unaifunga na kumwomba Mungu. Nimeisikia kauli hiyo kutoka kwa watu wanaojua kazi yao na kutoka kwa watu wasioijua, na wote huisema kwa sauti ileile ya upole, kama mtu anayekueleza kwamba yai likivunjika halishonwi. Mimi sikubali. Sikukubali wakati huo na sikubali leo.

Otomatiki nilijifunzia kwenye trekta. Niliacha shule kidato cha pili, nikaajiriwa kupaka grisi katika shamba kubwa la mahindi upande wa Moi's Bridge. Palikuwa na trekta moja ambalo dereva alibadilisha gia bila kukanyaga klachi, plau ikiwa ndani ya udongo. Kila mtu aliliheshimu na hakuna aliyelifungua. Kitabu chake cha ufundi kilikaa ofisini kikikusanya vumbi, kimeandikwa kwa Kiingereza kigumu. Niliomba ruhusa nikisome. Nilikisoma na kamusi pembeni kwa misimu mitatu ya mavuno, ukurasa mmoja au miwili kwa siku, na nilipofika mwisho nilikirudia.

Nilichokikuta humo hakikuwa uchawi. Pampu husukuma oili. Oili husukuma pistoni. Pistoni hubana rundo la pleti, na pleti zikibanwa hugeuka pamoja na kubeba mzigo. Otomatiki yoyote, ya trekta au ya gari, ni mafungu kadhaa ya pleti yanayobanwa na kuachiliwa kwa zamu. Kinachoiua ni pleti kuteleza wakati inapaswa kuwa imebana. Kuteleza huleta joto, joto huchoma pleti, na pleti iliyoungua huteleza zaidi. Mengine yote ni maelezo. Msimu wa nne fundi aliyeitwa kutoka mbali hakufika, nikalifungua trekta lile mimi. Liliendelea kulima mpaka shamba lilipogawanywa na sisi wafanyakazi tukatawanyika.

Nilihamia mjini, nikapata banda mtaa wa Huruma, ukuta mmoja na kinu cha kusaga unga. Nilitengeneza pampu za trekta, jeki za trela, chochote kinachosukumwa na oili. Hapo ndipo mama mmoja mkulima wa viazi kutoka Ainabkoi aliponikuta.

Alikuja na gari jeupe la Kijapani, silinda sita, lenye turbo, ile feni inayoishindilia injini hewa, kubwa kuliko ile ambayo lilitoka nayo kiwandani. Alikuwa wa rika langu. Alishuka polepole, akishika mlango, kwa sababu goti lake la kushoto halikunjiki vizuri tangu trela la viazi lilipoteleza na kumbana dhidi ya ukuta wa stoo. Gari hilo alilishindanisha katika zile mbio fupi za mstari ulionyooka, mita mia nne, magari mawili kwa mara moja, ambazo hufanyika baadhi ya Jumapili kwenye uwanja wa ndege ndogo wa shamba moja la ngano.

“Mzee, nimeambiwa wewe hubishana na giaboksi,” akasema.

“Nani amekwambia?”

“Jirani yako. Amesema pia huwa inakushinda.”

Jirani yangu alikuwa mabanda matatu kutoka kwangu. Ni fundi wa giaboksi za mkono, na lazima niseme ukweli, sijaona anayezifunga vizuri kumshinda. Alikuwa amemwekea huyu mama giaboksi mbili za otomatiki zilizotumika, moja baada ya nyingine. Ya kwanza iliungua, ya pili ikaungua haraka zaidi. Sasa alikuwa na pendekezo: atoe otomatiki kabisa, aweke ya mkono aliyoijenga mwenyewe. Na kwa kuwa goti la mama haliwezi kukanyaga klachi, yeye jirani angeendesha.

“Aliniambia, ‘Gari ni lako, Mama, mimi nitakuwa mguu tu,’” mama akanieleza. “Lakini mimi nilinunua gari niendeshe. Sikununua nisimame kando ya barabara nikipigia mtu makofi.”

Hilo ndilo lililonifanya niikubali kazi. Sikuwa na hamu na mbio. Nilikuwa sijawahi hata kuziona. Lakini nilikuwa nimeshachoka kusikia neno haiwezekani, na hapa neno hilo lilikuwa linaelekea kumtoa mtu kwenye kiti chake.

Giaboksi ya kwanza niliijenga kwa wiki tatu. Nilikusanya maiti nne za otomatiki za aina ileile kutoka nyuma ya gereji mbalimbali, nikachagua kilicho kizima kutoka kila moja. Fungu la gia ya tatu, ambalo ndilo lililokuwa likiungua kila mara, kwa kawaida lina pleti tano za kushika, zikipishana na pleti za chuma. Katika maiti mojawapo nilipata pleti za chuma nyembamba zaidi, nazo ziliniachia nafasi ya kuingiza ya sita. Pleti sita hugawana mzigo uliokuwa wa tano. Kisha niliongeza presha ya oili kwa kuikaza springi inayoidhibiti, nikapunguza ule ulaini ambao kiwanda huweka ili abiria wasishtuke gia zinapobadilika. Ulaini ule ni kuteleza kwa heshima. Abiria anastarehe, pleti inalipa. Mwisho nilifunga mbele ya gari rejeta ya kupozea oili iliyotoka kwenye mashine mbovu ya kuvunia ngano.

Jirani alikuja akasimama mlangoni. “Profesa,” akasema, jina alilonipa mbele ya watu, “sasa hii italima ama itakimbia?”

“Vyote viwili, ikihitajika.”

“Basi muuzie mama na plau.”

Jumapili ile uwanjani gari lilikimbia mara mbili vizuri kabisa. Mara ya tatu, ilipoingia gia ya tatu, nilisikia injini ikipanda sauti bila gari kwenda nayo. Mtu yeyote aliyewahi kusikia sauti hiyo anaijua. Injini inapiga kelele na matairi hayana habari. Mama alilirudisha polepole pembeni. Jirani hakucheka. Alisema tu, kwa sauti ya kusikika, “Tulisema.” Afadhali angecheka.

Niliifungua giaboksi kesho yake asubuhi, mama akiwa amekaa kwenye kiti bandani, mguu umenyooka. Fungu la tatu lilikuwa jeusi. Mafungu mengine yote yalikuwa kama nilivyoyaweka. Hilo lilinipa swali sahihi: kama presha ilikuwa ya kutosha kwa mengine, mbona hili moja lilinyimwa? Nilifuata njia ya oili yake kurudi nyuma, tundu kwa tundu, mpaka kwenye ile bodi ya vali ambayo mafundi huiita ubongo, yenye vijia vyembamba kama mishipa. Katika tundu moja dogo, ambalo sindano ya kushonea hupita kwa shida, palikuwa na kitu. Nilikitoa kwa waya mwembamba, nikakiweka kwenye karatasi nyeupe, nikakitazama kwa lenzi.

Kilikuwa uzi wa sufu. Wa kijani.

Nilijua ulikotoka kabla sijageuka. Sisi wa huku juu huvaa sweta mwaka mzima, na sweta zikichakaa huishia gereji. Kila banda Huruma lina gunia la matambara, na nusu ya gunia ni sweta za shule. Fundi akishaosha kifaa hukipangusa, na kukipangusa ni sehemu ya adabu ya kazi. Kifaa kisichopanguswa huonekana kama kazi ya mlevi. Mimi niliyesoma kitabu mara mbili, niliyepima kila nafasi, niliikausha bodi ya vali kwa mkono wa sweta ya mtoto wa shule.

Niliweza kumwambia mama kwamba pleti zilikuwa mbovu. Pleti zilikuwa kuukuu, angeamini. Nilimwonyesha uzi.

Aliutazama kwa muda. “Hiki ndicho kilichozima gari langu?”

“Ndicho. Nimekiweka mimi.”

“Na kingekuwa hakipo?”

“Ingeshika. Naamini hivyo. Lakini bado sijaona.”

Habari ilifika kwa jirani kabla ya saa sita. Alikuja na watu wawili nyuma yake ili asicheke peke yake. “Profesa, nieleze polepole. Gari ya silinda sita. Turbo. Imeshindwa na sweta?”

“Imeshindwa na uzi mmoja wa sweta.”

“Uzi mmoja. Ingekuwa sweta nzima si tungezika mtu.”

Hata mimi nilicheka, kwa sababu ilikuwa kweli. Lakini nilimwambia kitu ambacho hakukipenda. Nilimwambia kwamba zile mbili alizoziweka yeye ziliungua na mpaka leo hajui kwa nini, na hii yangu imeungua na sababu ninayo, imelala hapa kwenye karatasi.

Mama alisimama, akajinyoosha. “Mbio zinazofuata ziko baada ya majuma matano,” akasema, akiniangalia mimi huku jirani akisikia. “Ikiungua tena mbele ya watu walewale, nitampa huyu funguo aweke ya mkono. Sitaki kumpa. Lakini nitampa, na sitarudi nyuma ya usukani tena.”

Jirani aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeshapewa tarehe ya harusi.

Tatizo langu sasa halikuwa pleti wala presha. Lilikuwa hewa ya bandani. Kufukuza matambara ni rahisi. Lakini ukuta wangu na wa kinu ni mmoja, na ule ukuta ni mabati. Asubuhi mashine ikianza, unga hutoka kwenye matundu ya misumari. Wakati wa kupukuchua mahindi huongezeka makapi yanayopeperuka mtaa mzima. Kitabu kinasema kazi hii ifanywe katika chumba kisicho na vumbi. Waliokiandika hawakuwahi kukaa jirani na kinu. Nilikaa siku mbili nikifikiri jinsi ya kupata chumba kisicho na vumbi Huruma, na jibu lilikuwa limesimama upande wa pili wa njia, mbele ya hoteli iliyokuwa ikifungwa: kabati la vioo la kuuzia mandazi, fremu ya aluminiamu, milango miwili ya kuteleza.

Nililinunua, nikaliosha kwa maji ya moto na sabuni mpaka harufu ya mafuta ikaisha. Nilitoa shelfu za ndani. Mlango mmoja niliutoa, mahali pake nikaweka nailoni nene yenye matundu mawili, na katika matundu nikafunga glavu ndefu za mpira za kunyunyizia dawa, mpya. Ndani nikaweka taa. Nyuma nikatoboa tundu la bomba la kampresa, nikaliwekea chombo cha kunasa maji na kichujio. Kila kipande kiliingia humo kikiwa kimeoshwa kwa mafuta ya taa safi, kikakaushwa kwa hewa, na hakikuguswa na kitambaa chochote mpaka mwisho.

Kwa majuma manne nilijenga giaboksi mikono yangu ikiwa ndani ya kabati la mandazi, nikiwa nje nikichungulia kupitia kioo. Lilikuwa mlangoni kwa sababu ndani hapakuwa na nafasi. Watu walipita, wakaona kabati, wakaona taa.

“Mzee, za leo ni za nini?” mama mmoja aliuliza, akiwa tayari ameshika mfuko.

“Si mandazi, Mama. Ni giaboksi.”

Aliinama akatazama. “Na hiyo nyeusi ni nini?”

“Ni pleti.”

“Sawa. Nitarudi jioni.”

Jirani alileta wateja wake kuja kutazama. Aliwaambia nauza pleti kwa chai. Mimi nilikuwa nahesabu. Kila fungu nililipima kwa vibamba vya kupimia nafasi, mara tatu, na mara ya tatu baada ya chai ya saa nne, kwa sababu jicho lililochoka hukubali upesi. Nafasi ikizidi kipimo kwa unene wa nywele nilibadilisha pleti ya chuma. Pleti za kushika zilikuwa mpya safari hii, nikazilaza kwenye oili siku nzima zinywe kabla ya kufungwa. Kisha nilipuliza hewa kwenye njia ya kila fungu na kusikiliza pistoni. Pistoni iliyo sawa husema tup, mara moja, bila kunong'ona. Ya fungu la tatu niliisikiliza mara nyingi kuliko nitakavyokiri hapa.

Kulikuwa na jambo moja ambalo kitabu cha gari hakikulijua. Kinasema ukishika breki na kukanyaga mafuta, injini inapaswa kufika mzunguko fulani kabla konvata, lile bakuli la oili linalounganisha injini na giaboksi, haijaizuia. Gari la mama halikuufikia kamwe, na jirani alisema huo ni ushahidi kwamba konvata imekufa. Haikuwa imekufa. Kitabu kiliandikwa kwa watu wa usawa wa bahari. Sisi tuko juu, hewa ni nyembamba, na kabla turbo haijaamka injini haina nguvu ambayo kitabu kinaidhania. Nilipima ya kwetu, siku tatu tofauti, nikaandika namba yetu pembeni mwa namba yao, kwa kalamu ya wino. Mama alipoanza mbio alianzia kwenye namba yetu.

“Kwa hiyo unabishana na kitabu pia,” jirani alisema alipoiona.

“Kitabu hakijawahi kufika Eldoret.”

Jumapili ya mbio kulikuwa na jua na upepo baridi. Sikusimama kwenye mstari wa kuanzia ambako watu hupiga kelele. Nilitembea mpaka karibu nusu ya uwanja, kwenye majani kando ya lami, mahali ambapo nilikuwa nimekadiria gia ya tatu ingeingia. Jirani alinifuata. Siku hiyo hakuwa na gari lake. Alikuwa amekuja kuchukua funguo.

Mara ya kwanza gari jeupe lilitupita, gia ya tatu ikaingia kwa mpigo mmoja mkavu, kama mlango wa stoo uliofungwa na mtu mwenye haraka. Sauti ya injini ilishuka, gari likasonga. Alimshinda mpinzani wake.

“Bado,” jirani akasema.

Mara ya pili, mpigo uleule. “Bado.”

Mara ya tatu ndiyo iliyokuwa imetuua. Nitakuwa mkweli: sikulitazama gari. Nilitazama lami mbele ya viatu vyangu na kusikiliza. Mpigo ulikuja. Jirani akasema tena bado, lakini sasa neno lilikuwa limepungua uzito. Kati ya mbio na mbio nilikwenda nikashika bomba la rejeta kwa kiganja. Lilikuwa la moto wa kuvumilika. Mama alikuwa ndani, kofia kichwani, mikono kwenye usukani.

Alikimbia mara saba siku hiyo. Alishinda sita. Ya saba, ya mwisho, alishindwa na gari kutoka Nakuru lenye nguvu zaidi, kwa urefu wa gari moja na nusu. Katika zote saba gia ya tatu haikuteleza hata mara moja. Alirudi taratibu kwenye majani, akazima injini, na watu wakatuzunguka.

Jirani alisema mbele yao wote, “Fungua basi. Tutoe sampu, ile sinia ya oili ya chini, tuone. Mimi nawaambia ndani ni makaa.”

“Sifungui,” nikasema.

“Profesa anaogopa.”

“Giaboksi inayofanya kazi haifunguliwi kwa ajili ya watazamaji. Ungeniambia nifungue kama ingekuwa imeteleza. Haikuteleza. Umesimama na mimi, masikio unayo.”

“Ni bahati.”

“Mara saba?”

“Bahati haihesabiwi.”

“Basi mimi nimeihesabu. Lete sababu nyingine.”

Mtu mmoja alicheka, halafu wengine. Niliwaacha wacheke. Sikuwa na haja ya jirani kukubali. Mpaka leo hajakubali, na bado hutupa maiti za otomatiki nyuma ya banda lake, na bado mimi huenda kuziokota.

Jirani alimgeukia mama. “Mama, tuliongea. Hata ukishinda na hii, ya mkono ingekupa ile ya mwisho. Nakaa tu pale, nakushindia.”

Mama alikuwa bado amekaa ndani, mlango wazi, akiunyoosha mguu wa kushoto polepole kuelekea nje. Alimtazama bila ukali.

“Kiti kina mtu,” akasema.

Kisha akaniita. Niliinama dirishani, nikitegemea labda asante.

“Mzee, gia ya pili inalala kidogo. Ile ya Nakuru ilinipatia hapo. Mpaka mbio zijazo iamshe.”

“Hailali, Mama. Niliipanga hivyo ili usivunje ekseli.”

“Nimesema inalala. Nani anaendesha, wewe ama mimi?”

“Wewe,” nikasema. “Lakini nitapima kwanza.”